Nyimbo za Kupimia Spika za Mkwe Wangu

Mimi nikisikia wimbo ninaoupenda, sina akili. Nalisema mapema ili msije mkaniuliza baadaye. Wengine machozi yanawatoka kwa vitunguu, mimi yananitoka gitaa la pili likiingia. Bibi yenu huwa anasema aliolewa na mwanamume mmoja na redio tatu, na katika hao wote wanne, mbovu ni mimi.

Sasa basi. Mkwe wangu, huyu mume wa binti yangu wa pili, ni seremala. Mrefu, mwembamba, kichwa kidogo. Nilimwita Msumari siku ile ile alipokuja kujitambulisha, jina likakaa, hata mama yake mzazi siku hizi anamwita hivyo hivyo. Alikuwa kwenye kiwanda cha makabati. Kiwanda kikafungwa, watu wakaambiwa asanteni, nendeni nyumbani. Wenzake wakageukia vitanda na milango. Yeye akaamka asubuhi moja akasema anataka kutengeneza spika. Si zile za kwenye maharusi, za kupasua watu masikio. Spika za nyumbani, mtu anakaa kwenye kochi lake, anasikiliza.

Binti yangu akaniangalia. Mimi nikaangalia dari. Lakini moyoni, wajukuu zangu, nilikuwa naruka kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule. Ingawa mimi hiyo shule yenyewe sikuijua sana, ila hayo tuyaache.

Akatengeneza jozi moja, masanduku mawili marefu yanayonifika kiunoni. Akayafanyia kazi kwetu, chumba cha mbele, maana kwake hakuna pa kugeukia. Vumbi la mbao likaingia mpaka kwenye sukari. Mteja alikuwepo tayari: yule mkunga mstaafu aliyemzalisha binti yangu watoto wote wawili. Mume wake alikuwa mwalimu wa kwaya. Macho yakamwisha taratibu, sasa anashinda ndani. Mkunga alitaka kumpatia kitu kizuri cha kusikiliza. Akamwambia Msumari, "Mwanangu, ukimaliza niite. Nitakuja naye asikilize mwenyewe. Akikataa, mimi sina la kuongeza."

Na hapo ndipo kwenye shughuli. Msumari alikuwa ameitwa kazi ya kulinda maghala, mbali, kazi ya kukaa huko huko na kurudi kuwaona wanawe kama mgeni. Siku moja tunakunywa chai, akamwambia mke wake mbele yetu, "Mwalimu akizikubali, nabaki na mbao zangu. Akizikataa, naenda kulinda maghala."

Binti yangu alianza kukusanya vikombe, hata vile ambavyo watu walikuwa hawajamaliza kunywa. Changu kilikuwa kimejaa.

"Baba," Msumari akaniambia, "mimi najua mbao, wewe unajua muziki. Nichagulie nyimbo za kupimia."

Mnadhani nilisubiri? Nilikuwa nimeshapiga magoti uvunguni natoa boksi la santuri. Nikazipanga kitandani kama mtu anayechagua nguo ya kwenda kuposea. Hii ya tarumbeta. Hii ya yule bwana mwenye sauti ya kulalamika. Hii ina ngoma mwishoni ambayo nikiisikia goti langu bovu linapona. Kila moja nilikuwa naijua kuanzia pale sindano inapogusa mpaka pale inapokwaruza katikati.

Basi ikawa kila jioni Msumari akirekebisha kitu, ananiita. Nakaa kwenye kochi, naweka santuri, nafumba macho. "Unasikiaje, baba?" Namwambia, "Mwanangu, usiguse tena. Umefika." Kesho yake anagusa tena, ananiita tena, nami namsifu tena. Kijana wa watu akawa anafanya kazi kwa kufuata kichwa changu nikitikisa. Nikitikisa kwa nguvu, anaacha hapo hapo, anapaka gundi.

Sasa siku hiyo nimekaa, wimbo wa ngoma unaenda, nami niko mbinguni. Nikanyoosha kidole kwenye sanduku la kushoto. "Sikia hilo! Sikia besi ya hilo la kushoto, inanigonga hapa kifuani! La kulia zuri, lakini la kushoto, jamani!"

Bibi yenu alikuwa anapita na beseni la nguo. Akasimama. Akaweka kiganja juu ya sanduku la kushoto, kama anavyomshika mtoto kipaji kujua kama ana homa. Akainama akachungulia nyuma.

"Mzee," akasema.

"Usinikatishe, mama, ngoma inaingia."

"Mzee wangu, hili unalolisifu halina waya."

Msumari akaruka kuangalia. Kweli. Waya ulikuwa chini, umelala kama mjusi. Alikuwa ameuchomoa asubuhi ili akaze skrubu, akasahau kuurudisha. Mimi nilikuwa nimesikiliza upande mmoja nusu saa nzima na kuusifia upande uliokufa.

Bibi yenu akacheka mpaka akaketi juu ya beseni. "Kwa hiyo hilo likiwa limekufa linakugonga kifuani, likifufuka si litakuua?"

Nami nikaanza kucheka. Ndipo nikamwona Msumari. Hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama na ule waya mkononi, ananiangalia si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Akauliza polepole, "Kwa hiyo baba, siku zote hizi ulizokuwa unaniambia nimefika... nilikuwa nimefika wapi?"

Akachomeka waya, akachukua kitambaa, akafunika masanduku yote mawili, akaondoka bila kuosha mikono. Na mkunga alikuwa ameshaambiwa aje mwisho wa wiki.

Chakula hakikupita vizuri. Bibi yenu akaniona nasukumasukuma sahani.

"Unajua tatizo lako?" akasema. "Zile nyimbo unazipenda mno. Hata redio ikizimwa wewe unazisikia. Ungepewa debe ungezisikia kwenye debe."

"Basi nifanye nini? Niweke nyimbo nisizozipenda?"

Nilisema kwa kejeli. Lakini neno lilipotoka likasimama mbele yangu. Maana mtu unayempenda akija nyumbani huangalii viatu vyake vina tope. Ni yule usiyempenda ndiye unamkagua kuanzia unyayo. Masikio yangu yalikuwa yamehongwa, wajukuu zangu. Nilihitaji wimbo ambao haujanipa kitu.

Asubuhi nikavuka barabara kwa kinyozi. Kinyozi huyu ana wimbo mmoja wa kodiani anaoupiga tangu afungue mpaka afunge. Siupendi wimbo ule kama nisivyopenda jino kuuma. Nikamwomba aniazime.

Kinyozi akaacha mashine kichwani kwa mteja. "Wewe, mzee? Si ulisema ukifa nisiupige karibu na jeneza?"

"Bado nasema. Lete tu."

Nikamfuata Msumari kwake. Nilimkuta anapiga pasi shati la kwenda nalo kazini, hilo la kulinda maghala. Nikamwambia, "Mwanangu, njoo. Jana ulimsikiliza shabiki. Leo njoo umsikilize polisi."

Akaja, shingo upande. Tukaweka kodiani. Ehe! Siku hiyo nilisikia kila kitu. Nilisikia jinsi kodiani ikishuka chini sauti inanenepa, inabaki ndani ya sanduku kama mtu aliyeingiza kichwa kwenye ndoo. Nikamwambia hivyo hivyo. Msumari akainua kichwa.

"Ndoo?"

"Ndoo, mwanangu. Ya bati."

Lakini akasema, "Baba, labda kodiani yenyewe ilirekodiwa hivyo. Tutajuaje?" Na hilo ni swali la mtu mwenye akili. Sisi hatukuwahi kumwona yule mpiga kodiani. Tutajuaje sauti yake ikiwa sawa inakuwaje?

Bibi yenu alikuwa kwenye cherehani lake, anashona mapazia ya watu, anaimbaimba kwa pua kama kawaida yake. Ni wimbo wake mwenyewe, hauna mwanzo wala mwisho, anauimba mguu ukiwa unakanyaga pedali. Hakugeuka. Akasema, "Basi si mchukue sauti ya mtu mnayemwona? Mimi niko hapa, siendi popote, nina mapazia sita."

Msumari akaniangalia, mimi nikamwangalia. Binti yangu akaja na simu yake mpya, akaiweka karibu na cherehani, akamrekodi mama yake anashona na kuimba, Msumari akaiunga simu kwenye spika. Halafu tukalihamisha lile cherehani na bibi yenu wake, tukamweka katikati ya spika mbili kama bibi harusi.

"Nikiimba mnasikia mimi," akasema. "Nikinyamaza mnasikia sanduku. Anzeni."

Akaimba kidogo, akanyamaza, spika zikaendelea. Lahaula! Sauti ilikuwa yake, lakini yenye mafua. Na cherehani halikusema tikitikitiki, lilisema dududu, kama mtu anayetwanga chumba cha pili.

"Huyo si mimi," bibi yenu akasema. "Huyo ni dada yangu, yule mnene."

Msumari hakucheka, lakini safari hii kwa sababu nyingine. Alikuwa ameshachuchumaa nyuma ya sanduku, anagonga ubao kwa kifundo cha kidole, ngo, ngo, ngo, anasogea, anagonga tena. Katikati ya ubao wa nyuma ukaitika kama ngoma. "Unatetemeka," akasema. "Ubao wenyewe unaimba. Spika inasema lake, na ubao unasema lake." Akafungua, akaweka ndani kipande cha mti mgumu kutoka ubavu huu mpaka huu, akapaka gundi, akajaza sponji ya godoro la zamani. Tukasikiliza. Akatoa sponji kidogo. Tukasikiliza. Bibi yenu akaimba wimbo ule mpaka akasema sasa na yeye ameuchukia. Mwisho nikaweka kwaya, watu wengi wakiimba pamoja, maana mtu mmoja ni rahisi. Mara ya kwanza sauti zilikuwa zimeingiliana kama nguo zilizofuliwa pamoja zikachuja rangi. Tulipomaliza, kila mtu kwenye kwaya alikuwa amesimama mahali pake.

Safari hii sikusema "umefika". Nilisema, "Mimi sijui. Mwulize mama yako." Na bibi yenu akasema, "Sasa ni mimi." Basi.

Mkunga akaja mwisho wa wiki, amemshika mume wake mkono. Tukawapa shikamoo zao. Mwalimu ni mtu mdogo, msafi, kola imepigwa pasi ikakaa. Chini ya kwapa alikuwa na santuri moja. Nilikuwa nimeandaa zangu, nimezipanga kwa utaratibu, kodiani ikiwa ya kwanza. Akainua kiganja.

"Ahsante sana, ndugu yangu. Nimekuja na yangu. Ni watoto wangu wa kwaya, tulirekodi zamani, kila mmoja namjua alipokuwa amesimama." Kisha akasema, "Sasa naomba mnipishe. Watu wakinitazama usoni nasikia wanavyopumua, sisikii muziki."

Msumari akamwekea sindano, tukatoka wote, tukakaa uani kwenye benchi na ndoo zilizopinduliwa. Dirisha lilikuwa wazi. Kwaya ikaanza.

Mkunga akasema kwa sauti ya chini, "Niwaambie ukweli. Watu wameshatuletea vitu. Mtoto wetu alileta redio kubwa, ndugu yangu akaleta nyingine. Huwa anasikiliza kidogo, halafu anazima. Hasemi mbaya. Anazima tu, na hawashi tena."

Basi hapo tukawa hatusikilizi kwaya, tunasikiliza kama itazimwa. Wimbo wa kwanza ukaisha. Tukashika roho. Wa pili ukaanza. Bibi yenu akapumua kwa nguvu, nikamkanyaga mguu. Msumari alikuwa anachuna ngozi ya gundi kwenye vidole, kipande kimoja kimoja. Binti yangu alikuwa amemshika mumewe mkono wa shati, si mkono wenyewe, shati tu, kama mtu asiyetaka aonekane ameshika.

Wa tatu. Wa nne. Watoto wale waliimba, wajukuu zangu, sauti zinatoka dirishani kama wako humo ndani wamepanga mstari kati ya kochi na kabati la vyombo.

Halafu pakawa kimya.

Tukasubiri. Kimya. Mkunga akaangalia mikono yake. Hakuna mtu aliyemwangalia mwenzake. Binti yangu akaliachia lile shati, akalinyoosha pale alipolikunja, akasema taratibu, "Nitakufungia na sweta. Huko kuna baridi."

Ndipo sauti ikatoka ndani, sauti ya mwalimu wa darasa aliyechelewa kuletewa chaki.

"Jamani! Mbona mmenitupa? Nani anakuja kunigeuzia sahani? Upande wa pili bado! Na siku mkizileta hizi spika kwangu, msije mkaziegemeza ukutani!"

Msumari alinyanyuka kwa kasi, akakimbia ndani bila kuinama, akajigonga kichwa kwenye fremu ya mlango, ile ile aliyoipima na kuitia yeye mwenyewe. Hakusimama hata kujishika.