Pindo la Uzi Mweusi

Fundi wa cherehani alifika ofisi ya ustawi wa jamii nusu saa kabla ya muda, akakaa, akainuka, akakaa tena. Kiti kilikuwa kizuri tu. Mwenye kukikalia ndiye aliyekuwa roho juu. Jumamosi tatu mfululizo alipewa saa moja na binti yake katika chumba hiki, mbele ya afisa mwenye faili, na Jumamosi zote tatu mtoto alimgeuzia mgongo. Leo ilikuwa ya mwisho kabla ya kesi kusikilizwa katikati ya wiki. Afisa hakumficha. "Mama, akikataa tena nitaandika kwamba hataki kukuona. Hakimu anasoma ninachoandika, na baba mtoto anapewa nakala."

Binti alikuwa na miaka minane na jina la nyumbani Chiriku, kwa sababu zamani alikuwa hafungi mdomo hata usingizini. Tangu wazazi waachane na yeye kubaki kwa baba, alikuwa akiingia humu na maneno yaleyale, kama shairi la darasani: "Uliniacha ukafuata mambo yako. Sina haja na wewe." Mtoto gani wa miaka minane anasema hana haja? Fundi alijua yalikotoka, maana yeye ndiye aliyeambiwa kwanza. Alijikaza kisabuni, asimseme baba mtu hata kidogo.

Leo pia Chiriku aliyasema, akaenda kukaa dirishani. Fundi akasogeza kiti karibu naye, akauliza habari za shule; mtoto akatazama nje. Akauliza habari za paka wa jirani; mtoto akazidi kumgeuzia mgongo. Saa ya ukutani haikuwa na huruma. Mikono isiyo na kazi ilimwasha, na macho yake yakashuka yenyewe hadi kwenye pindo la sketi ya shule aliyovaa Chiriku. Uzi mweusi kwenye kitambaa cha bluu, mishono mirefu ya kupinda, kona moja imeachia. Kabla akili haijafika, mkono ulikuwa umeshafika. Miaka kumi na mitano ya cherehani ndiyo hiyo: akiona mshono mbaya hafikiri, anafumua. Akavuta uzi, na pindo lote likaanguka.

"Baba ndiye aliyeshona." Chiriku aliruka pembeni, akaishika sketi. "Alisema unaharibu kila kitu. Kweli umeharibu."

Afisa akaandika. Fundi aliisikia ile kalamu. Kwa mkono wake mwenyewe amewapa ushahidi. Alitaka kulia, na zaidi ya kulia alitaka kumwaga yote aliyotendewa na huyo baba.

Uzi ulikuwa bado vidoleni. Akachomoa sindano aliyozoea kuichomeka kwenye ukosi wa blauzi, akapiga magoti sakafuni. "Nisamehe, mwanangu. Nilipaswa kukuuliza kwanza. Nitairudisha vilevile alivyoshona baba yako. Alianzia wapi?"

Chiriku alisita, kisha akaonyesha kwa kidole. Fundi akapitisha uzi uleule katika matundu yaleyale, mshono ukienda kombo vilevile. Mwanafunzi wake wa ushonaji angeleta kazi kama hiyo dukani, angekula maneno mchana kutwa.

"Hapa amerudia mara mbili," alisema, na hakuwa akidanganya. "Hakutaka ikufumukie shuleni."

"Alijidunga," Chiriku akasema.

"Mara ngapi?"

"Nne. Halafu akaishona pamoja na suruali yake. Akasimama, na sketi nayo ikasimama." Akaangua kicheko, na maneno yakafuatana: baba alivyotafuta miwani, alivyoitukana sindano, alivyofumua kwa kisu cha jikoni. Fundi alicheka naye. Ilimuuma kumcheka mtu yule kwa upole, lakini alicheka.

Saa ikaisha. "Jumamosi utakuja tena?" afisa akamuuliza Chiriku.

"Nitakuja."

Chiriku alifika mlangoni, akarudi mbio. Hakwenda kwa mama yake. Alikwenda kwa afisa, akaufunika ukurasa kwa viganja vyote viwili.

"Usiandike kwamba nilicheka," akanong'ona. "Baba atasoma."