Namba Juu ya Ghala la Verlyn

Vumbi la mahindi limeingia tena, Verlyn. Limeingia kwenye kahawa, kwenye shuka, kwenye mikunjo ya shingo yako. Mashine zinavuna tangu alfajiri, na jua la Novemba linapenya ndani ya vumbi hilo mpaka jimbo lote la Iowa linakuwa na rangi ya mkate. Vumbi halichagui. Linamkalia kila mtu.

Watu ndio wanaochagua. Kila majani yanapopukutika, chuo chetu kinapocheza ule mpira wa umbo la yai, wapiga kura wa mbali huzipanga timu za nchi nzima kila Jumapili, nawe hupanda ngazi ya ghala letu la nafaka ukaandika kwa rangi nyekundu nafasi tuliyopewa. Ghala liko kando ya barabara kuu. Wapitao hupiga honi. Namba ikiwa mbaya hupiga honi vilevile, za kukucheka.

Nimekuona ukiandika nne, ukiandika tisa, ukiandika hata kumi na saba huku unapiga mluzi. Ni mbili tu unayoiandika umenuna. Sababu mji mzima unaijua. Ujanani uliivaa jezi ya chuo, mkashinda mechi zote za msimu, na bado wapiga kura wakawaweka wa pili. Wa pili, husema hadi leo, ni wa mwisho, ila amechana nywele tu.

Na mimi, Verlyn, ni mke wa pili. Marva alitangulia, akafa angali kijana. Picha yake iko sebuleni na mimi ndiye ninayeipangusa. Sina kinyongo naye. Lakini kila ulipoinunia ile mbili, nilisimama chini nimeshika ngazi, nikiwaza moyoni mwako nimepangwa wapi. Kuuliza si ujinga, wanasema. Mimi niliogopa jibu.

Mwaka huu timu haikufungwa. Jumamosi tukashinda mechi ya mwisho, na jirani yetu Lowell, furaha ikimzidi, akapanda ghala kabla ya kura kutoka, akaandika moja kubwa kuliko mlango. Ukamwambia kutoka chini, "Shuka, bwana. Unakunywa supu na ng'ombe bado yuko malishoni." Hakushuka mpaka rangi ikamwishia. Barabara nzima ikapiga honi, nawe ukabaki unaitazama ile namba, macho yamelowa.

Jumapili matokeo yakatoka. Wa pili.

Lowell alikuja na kofia mkononi, akasema si tuiache tu ile moja, kwani nani atadhurika. Ulichukua kopo na brashi, na magoti yako hayo mabovu, ukapanda. Nikashika ngazi. Nikangoja ule mnuno wako.

Ulipaka nyeupe juu ya moja. Kisha ukaandika mbili, polepole, ukiizungusha shingo yake vizuri, ukairudia ili mvua isiiondoe. Na ulikuwa unapiga mluzi.

Uliposhuka ulinishika mkono, rangi ikiwa bado mbichi.

"Jana tulikuwa wa kwanza, Joleen," ukasema, "na leo kahawa ina vumbi lilelile. Wale watu hawajawahi kutuona tukicheza, si mwaka ule, si huu. Nimewanunia wageni maisha yangu yote, na wewe uko hapa chini umeshika ngazi, unaniona nikinuna."

Ndipo nikakuuliza, mimi je, umeniweka wa ngapi.

Ulinitazama kana kwamba nimekuuliza jina lako.

"Nyumba hii haipigi kura," ukasema.

Nililia, sifichi. Lowell akajifanya anatafuta kifuniko cha kopo.

Jioni vumbi likaingia dirishani pamoja na mwanga wa mwisho. Likaikalia picha ya Marva, likaikalia kofia yako, likanikalia mimi na huu mkono wenye alama nyekundu ya kiganja chako. Kitambaa kilikuwa karibu. Sikuinuka kulipangusa.