Mkono wa Pole Nisioutoa

Nimejilaza kitandani mchana huu, simu kifuani, najiambia nafumba macho kidogo tu halafu namalizia ule ujumbe wa Siwema. Ni wa rambirambi. Mama yake alizikwa wakati wa masika, sasa watu wanavuna mahindi, na mimi bado nahamisha mkato kutoka neno hili kwenda lile. Siwema ni shoga yangu tangu darasa la kwanza, na mama yake ndiye aliyenisuka nywele utoto mzima. Sikwenda kuzika kwa sababu nilikuwa natafuta kwanza maneno ya kusema nikifika. Mwanzoni alikuwa ananipigia, siku hizi hapigi tena. Daktari ana jina la hali yangu, herufi chache za Kiingereza, anasema ni ubongo usiotulia kwenye jambo moja. Nyumbani kwetu jina lake ni uvivu, na nikiwa peke yangu mimi pia naiita hivyo hivyo. Kope zinashuka. Usingizi unanichukua mimi, aibu hauiwezi, inanisindikiza mpaka ng'ambo.

Ng'ambo kuna barabara isiyo na mwisho, nami natembea kwenda msibani, nimejitanda kanga, nasikia wanawake mbele huko wakizungumza kwa sauti za chini. Lakini kanga imekunjamana. Siwezi kuchelewa kiasi hiki halafu nitokee na makunyanzi, angalau hilo nilifanye sawasawa, basi naingia mlango wa kwanza kutafuta pasi, na ndani ni chumbani kwangu. Nachomeka pasi. Inapopata moto nakumbuka nguo nilizoloweka, naifuata ndoo uani, zimeshaanza kunuka, naanza kuzifua upya, sabuni inaisha, natoka kununua sabuni na niko tena barabarani, na barabara imerefuka. Mji mzima ni nyumba yangu, imerudiwa na kurudiwa. Kila dirisha ni kioo na katika kila kioo nimo, huyu ameshika ufagio katikati ya chumba hajui alitaka kufagia wapi, huyu amepanga vitabu kwa rangi akaacha nusu sakafuni, huyu anaandika ujumbe, anafuta, anaandika, anafuta, na hakuna hata mmoja wetu aliyemaliza kitu. Nasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Ni pasi ile. Nataka kurudi kuichomoa na sikumbuki niliiacha nyumba ipi, naona aibu hata mbele ya vioo.

Mwanamke anatembea pembeni yangu, na pale pa uso hapana kitu, pako laini tu kama kiganja. Simjui umri, namwamkia nisije nikakosea. Shikamoo. Marahaba, mwanangu, wapi tena mbio hizo? Kwa Siwema, bibi, msibani, nyumba ni ipi? Ni ile ambayo mlango wake haukufungwa. Naangalia huku na huku, milango yote iko wazi. Mbona yote haikufungwa? Basi umeshafika mara nyingi, anasema, kinachokuzuia kuingia ni nini? Sijapata maneno, namjibu, na sauti yangu inatoka ya mtoto aliyekojoa kitandani. Yakiwa mazuri naona naigiza, yakiwa mafupi naona namdharau marehemu. Haya, anasema, wasikilize wenzako wanaingia na maneno gani. Nasogea kizingitini. Wanawake wanavua viatu, wanasema pole, wanajibiwa tumeshapoa, wanakaa jamvini. Ndiyo basi. Mmoja kanga yake imechanika pindo. Mwingine ameegemea ukuta na usingizi umemchukua kabisa, hakuna anayemsema. Anayefika anapewa kisu na beseni la vitunguu, anamenya. Pole ni neno moja, nalijua tangu najifunza kusema. Katikati yao Siwema amelaza kichwa kwenye paja la jirani ambaye nadhani hata hawajazoeana, na paja lile lilipaswa kuwa langu. Uso unaniwaka. Nageuka nikimbie, na bibi yule ameziba njia, mpana kama mlango, nagongana naye, nafumbua macho.

Niko kitandani, au nadhani niko kitandani. Simu imeanguka chini na siiokoti, najijua, nikiishika tu nitaanza upya. Natoka kama nilivyo, sendo ya mguu wa kulia ni yangu, ya kushoto ni ya dada yangu. Barabara ni ile ya kila siku, lakini inarefuka kidogo kila nikipiga hatua, na kwenye madirisha ya watu napita mimi, napita mimi. Hodi, nasema. Siwema anafungua mwenyewe. Amekonda. Jamvi lilikunjwa siku nyingi, hakuna kitunguu cha kumenya, hakuna mtu wa kujificha nyuma yake.

Pole, namwambia. Hilo tu ndilo linalotoka, wala halinyooki.

Hidaya, anasema Siwema, mama alikuwa anakuulizia mpaka anakata kauli. Nikawa namwambia uko njiani.

Sijui kama nimeamka, na kwa aibu hii ningependa iwe ndoto. Lakini amesogea pembeni kunipisha, nami naingia.