Mama Mkwe Juu ya Tandiko

Mkunga alipostaafu alihamia kwa binti yake, na mwanzoni alilala usingizi wa pono. Usingizi ulipomtosha, akajikuta na mikono isiyo na kazi. Nyumba ilikuwa ndani ya ua wa shule ya farasi, maana mume wa binti yake alikuwa mwalimu wa farasi: aliwafundisha farasi wachanga kubeba watu, na watu wazima kubebwa. Dirisha la jikoni lilitazama uwanja wa mchanga. Mkunga akawa anasugua sufuria moja asubuhi nzima huku akimwangalia karani mmoja akizunguka kwa madaha, na daktari wa meno akimkumbatia farasi shingoni kama mtu anayezama.

Siku moja, wakati wa chai, akasema, "Na mimi nataka kupanda."

Binti yake alicheka mpaka akapaliwa. Mkwe hakucheka. Aliweka kijiko chini, akaitazama meza, akasema, "Sawa, mama."

Alikuwa mkwe wa kupigiwa mfano. Tangu aoe hakuwahi kupandisha sauti mbele ya mama mkwe wake, na wakikutana kwenye ujia wa nyumba alijibana ukutani kama koti lililotundikwa.

Alimchagulia farasi wa kijivu, mtu mzima mwenye tumbo la kuridhika, aliyeitwa Shemeji kwa sababu ya tabia yake ya kupekua mifuko ya watu bila kuomba ruhusa. Mkwe akamwonyesha mkunga jinsi ya kumkaribia farasi: unamjia begani huku unazungumza, humtokei nyuma kimyakimya. Akamwonyesha kukaza mkanda wa tandiko na kujaribu vikuku, zile pete za chuma za kuwekea miguu. Akamvalisha kofia ngumu kwa kumpa aivae mwenyewe, yeye akitazama kando.

Tabu ilianza mkunga alipokuwa juu. Mwalimu wa farasi kazi yake ni kusema: nyoosha mgongo, teremsha kisigino, legeza mapaja. Lakini ni mkwe gani atakayemtajia mama mkwe wake mapaja? Basi akaona heri azungumze na farasi.

"Shemeji," alisema, "mwambie aliyekupanda kwamba angetazama mbele, badala ya masikio yako, mngefika mnakokwenda."

Mkunga naye hakuwa mtu wa kushindwa na neno. "Shemeji, mjibu kwamba aliyekupanda anatazama masikio kwa sababu ndiyo yatakayotangulia kujua hatari."

Karani na daktari wa meno walikuja kuegemea uzio kusikiliza.

Hivyo ndivyo walivyoendelea. Yaliyoshindikana kumwambia farasi, mkwe alimwambia mkewe usiku, na mkewe akayafikisha jikoni asubuhi: "Mama, mwenzangu anasema unavuta hatamu kama unateka maji kisimani." Somo lilifika likiwa limechacha. Mkunga alizunguka uwanja, magoti yamebana, mabega yamepanda, na kila akishuka alitembea kama mkasi uliofunguliwa. Hakulalamika. Alipenda joto la yule mnyama, na namna alivyoshusha pumzi ndefu akikunwa chini ya singa za shingoni.

Kisha ikaja asubuhi ya upepo. Turubai lililofunika nyasi kavu lilifyatuka upande mmoja, likapiga kelele kama kofi. Shemeji aliruka kando, akatimua mbio. Mguu wa mkunga ukachomoka kwenye kikuku. Akainama mbele, akabana kwa miguu yote miwili, na kadiri alivyobana ndivyo farasi alivyozidi kukimbia, maana kwake kubanwa ni kuambiwa nenda.

"Keti!" Sauti ilikata uwanja mzima. "Kifua juu. Legeza mapaja, wewe, legeza! Pumua. Vuta hatamu ya kushoto, mzungushe. Mzungushe tena."

Mkunga alitii kabla hajajua nani anasema. Aliketi, akashusha pumzi, akavuta kushoto. Shemeji akaingia kwenye duara, duara likapungua, mbio zikawa mchakamchaka, mchakamchaka ukawa hatua. Akasimama, akakoroma, akaanza kunusa mfuko wa koti la mkunga.

Mkwe alifika mbio akamshika farasi lijamu ya mdomoni. Alipoinua macho na kuona ni nani aliyekuwa amemfokea, uso ulimshuka. Akaleta ngazi ya mbao, akamngoja ashuke salama, akamfunga farasi, akaondoka. Wakati wa chakula cha mchana hakuja.

Mkunga alimkuta kwenye chumba cha matandiko, akifuta tandiko lililokwisha kung'aa. Aligeuza ndoo akaikalia.

"Mama, nimekuvunjia heshima," mkwe akasema. "Nimekuita 'wewe' mbele za watu. Na nimetaja..."

"Mapaja," mkunga akasema. "Unajua mimi nimewafokea wanawake wangapi kwa neno hilohilo? Wengine rika la mama yangu. Mmoja mke wa mkubwa wangu wa kazi. Nilimfokea, akanisikia, mtoto akatoka mzima. Kama ningemung'unya maneno kwa adabu, mpaka leo angekuwa kitandani pale."

Mkwe alicheka kwa pua, bila kutaka.

"Adabu yako naipenda, baba. Ndiyo inayonilaza usingizi, nikijua binti yangu yuko kwa nani. Lakini uwanjani iache getini. Pale mimi ni mwanafunzi wako tu."

"Niliogopa, mama."

"Najua. Ndiyo maana ulifoka vizuri."

Jioni ileile mkwe alilileta lile turubai uwanjani, akalitandaza chini na kuliwekea mawe. Hakumpandisha mkunga. Alimpa kamba ya kumwongozea Shemeji, akamwambia, na safari hii akimtazama usoni, "Mama, mwongoze mpaka pale masikio yake yanaposimama. Hapo msimame wote wawili. Ukipumua wewe, atapumua yeye." Walisimama, wakasogea kidogo, wakarudi nyuma, wakasogea tena, mpaka Shemeji akaligusa kwa pua na kujaribu kulitafuna. Asubuhi zilizofuata walilipita kwa mguu, halafu mkunga akiwa juu. Mkwe alifoka pale palipohitaji kufoka. Mkunga alishusha kisigino.

Binti mtu, siku aliyowahi kurudi kutoka kazini, aliwasikia kutoka getini akadhani wanagombana. Alikimbia mpaka uzioni, akamkuta mama yake anakwenda mchakamchaka, mgongo umenyooka, anainuka na kuketi kwa kufuata mwendo wa farasi. Alibaki pale na mkoba mkononi, machozi yakimlenga.

Mvua zilipokwisha walitoka nje ya ua kwa mara ya kwanza, mkunga na Shemeji wake, mkwe akifuata nyuma juu ya farasi mchanga. Njia ilipopanuka mkunga aligeuka kwenye tandiko.

"Njoo huku sambamba. Siwezi kuzungumza na hewa."

Mkwe akasogea. Wakaenda magoti yao yakikaribia kugusana, na akaanza kumsimulia habari za marehemu mama yake, jinsi alivyokuwa akiimba vibaya wakati wa kufua. Mkunga aliuliza alikuwa akiimba nini. Mkwe akafikiri, akaanza kuimba kwa sauti ya chini, naye hakuwa na sauti nzuri hata kidogo.