Pingamizi la Siku ya Thelathini

Karani wa masjala katika ofisi ya vibali alibatizwa jina la Kabati, kwa kuwa faili lililoingia kwake lilitoka kwa kudra za Mungu. Mwenyewe hakukasirika. Kwa miaka ishirini na miwili aliishi na hekima moja tu: ombi baya halikataliwi, linalazwa. Ukilikataa, mwombaji atakuja juu, atakata rufaa, atawapigia simu wakubwa. Ukililaza droo ya chini, atachoka mwenyewe. Na wakubwa walimpenda kwa hilo, maana hakuna mkubwa anayefurahia kusema hapana kwa kinywa chake.

Ndivyo alivyolilaza ombi la kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, kilichotaka kujengwa hatua hamsini kutoka kisima cha dada yake, ambako mtaa mzima huchota maji. Dada huyo, fundi cherehani, alimjia kumwambia kwamba majirani wanataka kuandika pingamizi. Kabati alimcheka.

"Barua za nini, dada? Mtawachokoza watu bure. Nyamazeni, faili nimelilaza."

Wakanyamaza.

Leo, saa nane na dakika arobaini mchana, wakala wa kiwanda aliingia masjala, akafuta benchi kwa leso, akaketi.

"Nikusaidie nini?" Kabati aliuliza.

"Usijisumbue, mzee wangu. Nasubiri ukimya wenu. Zimebaki dakika hamsini."

Kabati alidhani anataniwa. Wakala akamweleza kwa upole uliomuudhi zaidi kuliko matusi: kwa utaratibu mpya, ofisi isipojibu kwa maandishi, na kwa sababu, ndani ya siku thelathini, ombi linahesabika limekubaliwa. Leo ndiyo siku ya thelathini. Ikigonga saa tisa na nusu, kompyuta itatoa kibali yenyewe.

"Si mlifanyiwa semina?"

Walifanyiwa. Kabati alisaini mahudhurio, akanywa soda, akasinzia. Kumbe alikuwa amejipalia makaa mwenyewe, na mtaa mzima amewapalia. Alifungua droo ya chini, akalitoa faili, akapanda ngazi mbili mbili kama hana magoti mabovu.

Mkurugenzi, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alilipekua faili lote.

"Lilikuwa wapi?"

"Kwangu, mama. Droo ya chini."

"Makosa hayo tutayazungumza baadaye. Nikatae kwa sababu gani? Humu kila karatasi iko sawa. Nikikataa bila sababu, mahakama itanivua nguo hadharani."

"Kisima, mama. Watu wanakunywa pale."

"Kisima hicho kimeandikwa wapi? Ramani haikionyeshi. Hakuna jirani hata mmoja aliyepinga." Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika mbili. "Niletee pingamizi. Na kibali kikishatoka, mzee, kukifuta ni kesi ya miaka."

Kabati alipiga simu akiwa kwenye ngazi. Dada yake hakuuliza mengi. Alifika kwa pikipiki saa tisa na dakika kumi na tatu, uzi wa bluu umemng'ang'ania begani, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Aliandika palepale kaunta, polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule mapema: kisima kiko wapi, kina miaka mingapi, nyumba ngapi zinachota. Wakala alisimama, akasogea, akachungulia.

"Muda wa kupinga ni siku ishirini na moja," alisema. "Mmechelewa tisa."

Mkurugenzi alikuwa ameshuka. "Ni kweli," alisema. "Pingamizi lililochelewa napokea kwa sababu moja tu: kama ofisi hii ndiyo iliyomchelewesha mpingaji. Mama, kuna mtu wa ofisi aliyekuzuia?"

Fundi cherehani alimtazama mdogo wake. Kalamu ikasimama.

"Hakuna," alisema.

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na moja. Wakala alirudi kwenye benchi, akakunja nne.

"Dada," Kabati alisema, "andika."

"Siandiki. Mimi simchomi mtu wa tumbo moja na mimi."

"Watoto wa mtaa mzima watakunywa hayo maji. Andika jina langu na cheo changu. Andika nilikwambia mnyamaze."

"Watakufukuza."

"Watanifukuza. Andika, dada, nakuomba."

Aliandika huku machozi yakimdondoka, na neno moja likalowa ikabidi alirudie. Saa tisa na dakika ishirini na sita alisaini. Ilibaki muhuri wa kupokea, na muhuri hugongwa na karani wa masjala peke yake. Kabati aliisoma sentensi yenye jina lake mara moja. Akachukua muhuri, akagonga. Mkurugenzi aliketi kwenye kiti chake Kabati, akaingiza sababu kwenye kompyuta kwa vidole viwili, akakosea neno la siri, akarudia. Saa tisa na dakika ishirini na tisa skrini iliandika: Ombi limekataliwa.

Wakala aliomba nakala, akashukuru, akaondoka. Hakuna aliyeshangilia. Mkurugenzi alinyoosha mkono, naye Kabati akazifungua funguo za masjala kwenye mkanda, moja baada ya nyingine, akamkabidhi.

Nje, dada yake alimshika mkono wa shati kama zamani walipokuwa wakivuka barabara.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nikusamehe nini? Mwezi mzima ulitaka kusema, nikakuziba mdomo." Alimtoa ule uzi wa bluu begani. "Siku nyingine nikikwambia unyamaze, usinisikilize."