Bingwa wa Tumbo Kwaheri

Klabu ya kukimbia ya mtaa wa Cibitoke ilikuwa tayari inaondoka, na ilikuwa inaondoka kwa gari.

Mwantum aliiona kutoka mlangoni kwake, kiatu kimoja mguuni, kingine hajui kiko wapi. Pikapu nyeupe ilikuwa imeshapita duka la kona. Nyuma walijazana wanaume kumi na wawili, fulana za kijani zimeandikwa TUMBO KWAHERI, wanaimba wimbo wa mazoezi na kupiga mapaja kama watu wanaokimbia kweli. Katikati yao, juu ya kiti cha plastiki, alikaa mumewe Massoudi. Amewekewa kiti kwa sababu yeye ndiye bingwa.

"Baba Houda!" akaita. "Na muganga je?"

Massoudi akampungia mkono kwa furaha, kama mtu anayeshangiliwa. Gari likakata kona.

Ilikuwa saa moja ya asubuhi. Daktari Adélaïde, yule wa magonjwa ya tumbo, alipokea wagonjwa Jumamosi tu, na saa sita anafunga. Massoudi alikwisha kumkosa mara mbili. Mara ya kwanza alisema ana mafua, mara ya pili kikao cha klabu. Jana tu alikuwa ameapa, wallahi, kesho naenda.

Akampigia simu. Simu ikalia nyuma ya mlango, ndani ya suruali iliyotundikwa.

"Ya Rabi," alisema Mwantum, "umenipa mume ao umenipa mtihani?"

Massoudi alikuwa mpimaji wa magunia bandarini. Miaka ishirini na mbili amekaa kando ya mizani, magunia yanamjia, yeye anaandika. Chai ilimjia pale pale, sambusa zikamjia, na tumbo nalo likamjia. Mtaani lilimpa heshima; watu wasiomjua walidhani ni bosi, wakamwita patroni. Kisha rafiki yake Sylvère, wakala wa forodha, akasikia redioni kwamba unene na kukaa kutwa vinaleta kisukari, presha, hata kansa, akaanzisha klabu. Kwa hilo Mwantum hakumpinga. Kilichomchosha ni hizo mbio zenyewe. Walipelekwa na gari mpaka Kajaga, wakakimbia kutoka barabara ya lami mpaka pale pa mishikaki ufukweni, mwendo ambao mbuzi aliyefungwa kamba anaumaliza, kisha wakakaa wakala mpaka adhuhuri. Baada ya miezi mitano wote walikuwa wamenenepa.

Wote isipokuwa Massoudi. Kila mwisho wa mwezi alipanda mizani ya magunia: mia na kumi na nane, mia na kumi na nne, mia na kumi, mia na mbili, tisini na saba. Aliutoboa mkanda kwa msumari, tundu baada ya tundu, na kila mgeni alionyeshwa matundu kabla hajapewa maji.

Lakini anayefua nguo za nyumba ile ni Mwantum, na Mwantum alikuwa ameona damu.

"Bawasiri," Massoudi alimjibu. "Inatokana na kukaa."

"Na kuchoka je? Unapanda ngazi tatu unapumzika."

"Mi ni mutu wa spoti sasa. Mutu wa spoti anachoka."

Mtu gani anakimbia hatua mia mbili kwa juma akapoteza kilo ishirini na moja? Mwantum alikuwa ameuliza hivyo jikoni, barazani, mpaka kwa shemeji zake. Wote walimwambia ana wivu, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa bado na kilo zake tisini na kitu.

Mabasi hayakuwepo. Petroli ilikuwa imeadimika wiki ya tatu, na Sylvère ya kwake aliipata wapi, Mungu anajua. Mwantum akakikuta kiatu chini ya kochi, akaitia karatasi ya miadi ya daktari kifuani, akaanza kutembea kwenda Kajaga.

Njiani alikutana na jirani yake Spès anafagia mbele ya duka.

"Yoo, Mama Houda! Mbio hivyo, nani amekufa?"

"Bado hajakufa mutu."

Alitembea akisema peke yake. Magoti yalimuuma, kanga ilimfunguka mara nne, jasho likamwingia machoni. Waendesha baiskeli walimpisha wakicheka: "Mama, spoti nzuri!" Maneno alikuwa anamhifadhia Massoudi.

Saa tatu na nusu alifika ufukweni amelowa kama aliyetoka ziwani. Mbuzi alikuwa ameshaiva. Sylvère alikuwa amesimama anahutubia, sahani mkono mmoja, tumbo limemtangulia.

"…kilo ishirini na moja, ndugu zangu! Hii inaitwa nidhamu! Muangalie Massoudi, mufuate mfano…"

"Mufuate mfano mukafie wapi?" Mwantum alisema.

Wanaume wakageuka. Mmoja akamcheka bingwa, "Shampiyo, polisi wako amefika!"

"Muke wangu," Massoudi akasema kwa sauti ya chini, "si mbele ya watu."

"Nyumbani ulikimbia, nikuseme wapi? Leo ni siku gani?"

"Muganga nitamuona Jumamosi ijayo."

"Hiyo Jumamosi yako nimeisikia mara mbili."

Sylvère akajiingiza kati, mkono begani kwa rafiki yake. "Shemeji, kwa heshima. Mutu amepungua, we unalia. Angebaki munene ungelia. Munataka nini, nyinyi wanamuke? Mazoezi ndiyo yanakinga hiyo kansa yenyewe."

"Mazoezi gani, Sylvère? Mumekuja na gari! Kati ya watu wote hapa aliyefanya mazoezi leo ni mimi."

Hapo ndipo Mwantum akaiona sahani. Ilikuwa mbele ya Massoudi, na juu yake zawadi ya bingwa: paja zima la mbuzi, limebanikwa, na ndizi pembeni. Halijaguswa. Mafuta yalikuwa yameanza kuganda.

Miaka ishirini na tisa ya ndoa, na hajamwona mtu huyu akiacha hata mfupa.

Akavuta kiti, akaketi. Aliongea polepole.

"Kula, Baba Houda. Maliza hilo paja. Ukilimaliza narudi nyumbani kwa miguu na sitakutajia muganga tena mpaka naingia kaburini. Hawa wote ni mashahidi."

"Haya, shampiyo!" wakashangilia.

Massoudi akang'oa pande moja. Akalitia mdomoni, akatafuna, akatafuna. Akalinywea maji. Macho yakamtoka. Akaligeukia ziwa, akalitema lile pande kwenye kiganja.

"Haliingii," alisema. "Tangu mwezi wa Ramadhani hakiingii kitu vizuri."

Sylvère aliiweka sahani yake chini. Akatoa ufunguo wa gari bila kuambiwa.

Saa nne na nusu walikuwa kwa Daktari Adélaïde. Alimpapasa Massoudi tumbo, akauliza habari za damu, za choo, za uzito, akaandika sana.

"Nani alikwambia umepungua kwa michezo?"

Massoudi akamtazama Sylvère, aliyekuwa amejibana mlangoni.

Daktari alisema unene na kukaa vinaongeza uwezekano wa kansa ya utumbo mpana, na kutembea kila siku kunaupunguza. Hakuuondoi kabisa; wembamba nao wanaugua, wakimbiaji nao wanaugua. Lakini mtu akikonda bila kujua sababu, hapewi zawadi, anapimwa.

"Si ndiyo nilisema?" Mwantum akasema. "Nilisema jikoni, nikasema barazani—"

"Mama, keti," daktari akasema. "Umelowa. Umetoka wapi?"

Massoudi alipimwa wiki iliyofuata, akakutwa na kansa ya utumbo mpana, akakatwa kipande cha utumbo na kuchomwa sindano za dawa miezi sita. Ni mwaka wa pili sasa, na kipimo cha mwisho hakikuonyesha kitu. Amerudi mizanini na kilo mia moja na mbili, na bado anakaa, ila Mwantum humpigia simu kila saa kumwambia asimame. Tumbo Kwaheri ilivunjika. Sylvère alijipima, akakutwa na kisukari. Hutembea jioni, siku asizosahau. Pikapu iko uani kwake, haina petroli. Daktari Adélaïde alihamia nchi nyingine, na aliyekuja badala yake anapokea Jumanne. Mwantum na Spès hutembea kila alfajiri mpaka njia ya Kajaga na kurudi. Mwantum amepungua kilo sita kwa mwaka mmoja, na majirani wanamuuliza anaumwa nini. Lile paja la mbuzi, siku ile, lilirudi kwenye gari limefungwa gazeti, na Sylvère alilila nje kwa daktari, kabla hajajibana mlangoni.