Swali la Dirisha la Pili

"Umenizimia skrini mbele za watu," karani alikuwa akisema, kidole kikimwelekea Fundi usoni, "kama mtu aliyekamatwa anaiba umeme."

Ua mzima ulikuwa umeshatoka nje. Jirani wa chumba cha kona, ambaye wamempachika jina la Redio kwa sababu habari hailali kwake, aliegemea mlango na beseni la nguo asizokuwa na haraka ya kuzianika. Fundi alikuwa hajafungua hata chumba chake, mkoba wa kazi bado uko begani. Akajitetea kwamba hakumzimia mtu, alizima maswali kwenye seva, na hakujua ni ya nani. Karani akamuuliza kama dirisha la pili la mapokezi siku hizi linakaliwa na mzimu.

Wawili hawa walifanya kazi hospitali moja, karani mapokezi na Fundi kwenye kompyuta, na kulala ukuta kwa ukuta, na siku zote walisalimiana vizuri.

Wiki nzima ile, seva, kompyuta kuu iliyobeba majina ya wagonjwa wa hospitali zote za mkoa ilikuwa inaelemewa. Asubuhi inaamka nyepesi, ikifika adhuhuri memori imejaa pomoni, skrini zimeganda, foleni imetoka nje mpaka kwenye ngazi na manesi wanaandika dawa viganjani. Fundi aliizima na kuiwasha. Ikapona mpaka saa ya chakula. Akaiongezea memori, ikaifakamia yote na kutaka nyingine. Wakubwa wakaanza kunong'ona kwamba anababaisha. Leo ndipo akaacha kuilisha, akakaa kutazama nani anakula.

Memori ya seva ni kama meza ya ofisi: kila swali hutandazwa juu yake, likishajibiwa linaondolewa. Dirisha la pili lilikuwa linauliza swali lile lile tena na tena, na programu ikawa inatandaza jipya bila kuondoa la zamani. Akayafuta yote kwa mpigo. Seva ikapumua, foleni ikasogea.

"Wagonjwa walikuwa wamejaa mpaka nje, mama," Fundi alisema.

"Na wangu mimi, yuko nje ya wapi?"

Kila mtu akatafuta pa kutazama. Walijua kijana wa karani aliondoka kwenda kutafuta kazi, simu yake ikaacha kuita. Habari hiyo walishaitafuna mpaka ikakosa ladha. Wasichokijua ndicho alichokieleza sasa, kwa sauti iliyozidi kushuka. Mtu akiokotwa hana fahamu huandikwa "hajulikani". Yeye mwenyewe amewaandika wengi hivyo, kisha akaenda zake nyumbani kulala. Kwa hiyo aliiambia skrini iulizie wanaume wote vijana wasiojulikana, wodi zote, hospitali zote, na iendelee kuuliza yenyewe huku yeye akihudumia watu. Hakujua kwamba kuuliza kuna uzito.

Redio akakosa stesheni. Aliokota beseni lake, akawasukuma wenzake ndani kwa macho, naye akawafuata.

Walipobaki wawili, Fundi alimwambia kosa ni la programu, na ndivyo alivyowaandikia wakubwa. Angemtengenezea swali dogo, la waliopokelewa tangu jana yake tu: liulizwe asubuhi, lijibiwe, lijifunge. Karani alikubali kwa kichwa, akajipangusa uso kwa kiganja.

Hilo lilikuwa jepesi. Kilichomsumbua Fundi tangu mchana ni mstari wa mwisho wa lile swali la zamani. Aliusoma na kuurudia akidhani macho yanamdanganya. Swali lilitaja kila mahali mtu anapoweza kulazwa, likaruka mahali pamoja, na mtu aliyezeekea mapokezi haparuki kwa bahati mbaya.

"Mama," alisema, "na chumba cha maiti? Nikiweke?"

Chumbani kwa karani sufuria ilikuwa inatokota, kifuniko kinagongagonga. Karani aliingia akapunguza moto, akabaki ameinama palepale, mgongo ameupa mlango, muda mrefu kuliko jiko lilivyohitaji. Fundi alisimama kizingitini asijue aende au abaki.

"Kiweke kesho," karani alisema bila kugeuka. "Leo ingia ule."